Viatu vya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Mei

Siku njema. Mama mkwe anastaafu uuguzi mwisho wa mwezi na anataka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Akasema anajua amefika, kwa sababu chumba ninachokiita studio ni chumba chake cha mbele, na sasa anataka kuona kama kina kazi. Picha ikimpendeza, nabaki. Isipompendeza, chumba anapewa shemeji, dada wa mke wangu, afungue saluni. Shemeji mwenyewe alikuwa mlangoni na futi kamba, anapima ukuta wangu. Hana hata soni!

Sina wasiwasi. Mimi ni msanii. Shida ni kwamba hilo nalijua mimi na mke wangu, na mke wangu siku hizi hana uhakika.

Ndiyo maana nakihitaji kikundi. Tuko wapiga picha sita, tunakutana Jumamosi mgahawani kukosoana. Mwenyekiti wetu tunamwita Kivuli, maana uso usipokuwa na giza upande mmoja, kwake hiyo si picha. Wiki ijayo kuna maonyesho kwenye ukumbi wa mji na kila picha lazima ipite kwake. Mwaka jana zangu zote alizikataa. Alisema zinafanana na keki. Wenzangu walicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Mwaka huu lazima nitundikwe.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata wazo. Picha moja, kazi mbili! Nampiga mama mkwe kwa mtindo wa Kivuli: taa moja ya pembeni, uso nusu gizani, nakata magotini. Namridhisha mteja, naridhisha kikundi, narudi kulala.

Nimempiga mchana, jioni nimempelekea picha. Ameishika mbali, akaishika karibu, akavaa miwani.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Nikamweleza kwamba macho ya mtazamaji yanatakiwa yabaki usoni. Akauliza uso upi, maana yeye anaona nusu. Akauliza kama umeme ulikatika. Akasema viatu vile ni vipya, shemeji ndiye aliyemnunulia, na mtu hanunuliwi viatu ili vikatwe. Shemeji akaitikia kwa kichwa kwa huzuni ya uongo. Nimepewa nafasi nyingine Alhamisi. Sikula vizuri.

Alhamisi, 7 Mei

Mpango mpya, na huu ni wa akili kubwa. Nimelitoa stoo lile pazia la maua ya waridi nililomuapia Kivuli kwamba nililichoma moto. Nikaweka kiti cha heshima. Taa zote. Mama mkwe akaja amevaa sare yake nyeupe na viatu vyeupe, anatembea kwa hadhari. Alikaa. Nikawa napima mwanga.

Hapo viatu vikamshinda. Vilikuwa vinambana. Akavivua vyote viwili, akaviacha sakafuni kimoja kimelala ubavu, akapandisha mguu juu ya goti akaanza kuukanda. Macho amefumba. Mdomo wazi kidogo. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nilibonyeza. Sikukusudia. Naapa nilikuwa napima mwanga tu.

Kisha akavaa viatu, akanyooka, nikapiga picha yenyewe. Maua, tabasamu, viatu vinang'aa. Kwenye kompyuta nikamlainisha ngozi mpaka mikunjo yote ikaenda ilikoenda. Amefurahi sana! Kasema hivi ndivyo alivyo. Shemeji kasema mama sasa anaonekana mdogo kuliko yeye, na hakuwa anatania. Amekunja futi kamba yake akaondoka.

Nilitaka kuifuta ile ya mguu. Nimeitazama. Nimeitazama tena. Sijaifuta.

Jumamosi, 9 Mei

Nimeipeleka kwa kikundi! Nilijiambia nitawaonyesha tu, nisikie watasemaje. Kivuli aliisogeza karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nikajua keki inakuja.

Akasema kwamba katika miaka yote ya kunikosoa hajawahi kuona mtu akipumua ndani ya picha yangu, na leo ameona. Akataka kujua nilifanya nini mpaka yule mama akaisahau kamera. Nikasema ni mbinu yangu ya siku nyingi. Akauliza kama mwenye picha amekubali itundikwe mbele za watu. Nikasema yule ni mama mkwe wangu, na ni mtu anayependa sana sanaa. Ambalo si jibu, lakini alilipokea.

Imepita! Ameipa jina yeye mwenyewe, "Baada ya Zamu". Itakaa ukuta wa katikati. Nimerudi nyumbani sihisi ardhi. Mke wangu aliuliza kuna nini. Nikasema hali ya hewa.

Jumatano, 13 Mei

Balaa.

Shemeji na kidomodomo chake! Kaona tangazo la maonyesho kwenye simu, kaona jina langu, kakimbilia kwa mama mkwe. Mama mkwe anaamini ni ile ya maua. Ameshawapigia wauguzi wenzake wa wodini. Watakuja Jumamosi, wote, na sare.

Nilikuwa nakunywa chai. Iliingia kusikotakiwa. Mke wangu alinipiga mgongoni, kisha akaniuliza taratibu nilipeleka picha ipi. Nikakohoa zaidi. Akasubiri. Mwanamke yule ana subira mbaya sana. Nikasema yote.

Akaniambia niende chumba cha pili, sasa hivi, nimwombe mama yake radhi na nimwombe ruhusa. Nikamwambia nitalifikiria. Uongo. Nilikuwa tayari nafikiria jambo lingine.

Ijumaa, 15 Mei

Nimechapisha ile ya maua kwa ukubwa uleule. Kesho nawahi ukumbini kabla ya wageni, natoa ya mguu, naweka ya maua. Wauguzi wanafurahi, wanaondoka. Naweka ya mguu tena kabla Kivuli hajafika, maana yeye huchelewa kila mahali kwa makusudi. Hakuna atakayejua kitu.

Jambo moja linanisumbua. Leo mama mkwe karudi kutoka mjini peku, viatu vyeupe kashika mkononi. Alinitazama muda mrefu. Akaniuliza kama nimekula. Hajawahi kuniuliza hilo tangu nimuoe binti yake.

Shemeji kaleta mashine ya kukaushia nywele, kaiweka katikati ya studio. Anasema ni ya kuhifadhi tu.

Jumamosi, 16 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Nimefika ukumbini mapema. Nimebadilisha picha. Ya mguu nimeificha nyuma ya pazia la jukwaa. Nikasimama pembeni, nimeweka sura ya msanii.

Wauguzi wakaingia kama zamu ya asubuhi. Mama mkwe mbele. Hakutazama kulia wala kushoto, kaenda moja kwa moja ukuta wa katikati. Akasimama. Na wakati huohuo, mlangoni, Kivuli. Siku ya kwanza maishani mwake kuwahi!

Mama mkwe akageuka.

"Mwanangu, miguu yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hiyo hapo Mama, na viatu vyote viwili, sijakata kitu.

"Si hiyo. Ile ya jana. Ninayojikanda."

Kumbe jana alipita ukumbini! Mlinzi wa pale aliwahi kulazwa wodini kwake, kwa hiyo akamfungulia aone picha yake kabla ya watu. Aliiona. Alisimama mbele yake mpaka mlinzi akamletea kiti. Wenzake hawakuja kuona maua. Alikuwa amewasimulia usiku mzima kwenye simu, na kila mmoja alikuja kuutazama mguu huo kwa sababu na yeye anao.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nilitembea mbele ya wauguzi wote, mbele ya kikundi kizima, nikaingia nyuma ya pazia, nikatoka na fremu kifuani. Nikaitundika kando ya ile ya maua. Nikamwambia Mama anisamehe, sikumwomba ruhusa, niliogopa. Ilinitoka yenyewe.

Alikuwa anaitazama picha.

"Ulikosea, na nyumbani tutaongea," akasema. "Lakini maisha yangu yote nimesimama. Hakuna aliyewahi kunipiga picha nikiwa nimekaa."

Muuguzi mmoja akaanza kulia, mwingine akacheka, wakawa wanaonyeshana miguu mle ukumbini. Mimi nililia kidogo. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Mama mkwe ameamua ya maua ikae sebuleni kwa ajili ya wageni, na ya mguu ikae chumbani kwake. Kisha akamwambia shemeji, bila hata kumgeukia, aje aondoe mashine yake kwenye studio ya shemeji yake. Studio! Kaiita studio!

Nikashusha pumzi. Mapema mno. Kivuli akanishika mkono, akanivuta nyuma ya pazia. Pale kwenye picha alikuwa ameliona lile pazia la maua ya waridi kwa macho yake. Nikajua nafukuzwa. Nikaanza kusema kwamba ilikuwa kejeli, kwamba naikosoa jamii. Akaniambia ninyamaze. Akachungulia nje, akashusha sauti, akauliza kama lile pazia bado lipo.

Ni kwa ajili ya mama yake. Kivuli amempiga picha miaka nenda rudi na zote mama kazikataa. Anasema mwanawe humpiga akiwa shimoni. Anataka maua. Anataka aonekane na viatu. Kivuli hajui kuwasha taa mbili kwa wakati mmoja, kasema mwenyewe, na masikini alikuwa karibu kulia. Ameniomba nimpige mimi, na kikundi kisijue. Nimemwambia nitaangalia ratiba yangu. Kisha nikamkumbatia, sijui kwa nini. Nimepona! Chumba ninacho, kikundi ninacho, na mwenyekiti ninaye mfukoni.

Jumatatu, 18 Mei

Mama mkwe aliongea jana kutwa nzima. Nilistahili. Leo amenisalimia vizuri.

Mke wangu anasema funzo la yote haya ni fupi: niwe naomba ruhusa. Nampenda mke wangu, lakini sanaa haielewi. Nimelala nikilipima jambo hili kwa makini na nimegundua siri yenyewe. Si taa. Si ruhusa. Ni viatu! Mtu akibanwa, huvua. Akivua, husahau kamera. Akisahau kamera, ukuta wa katikati ni wako.

Mama yake Kivuli anakuja Alhamisi. Atapata maua yake, na mimi nitapata picha yangu kwa ajili ya maonyesho ya mwakani. Asubuhi nimempigia simu Kivuli, nikamwambia studio yetu siku hizi humvalisha mteja viatu vipya kama heshima, je mama anavaa namba ngapi? Ameguswa sana. Kasema thelathini na tisa.

Nimetoka dukani sasa hivi. Viatu vizuri mno, vyeupe, vya ngozi. Thelathini na saba.