Mwindaji wa Jeddah na Baridi ya Dahna

Jumatatu, 6 Januari 2025. Jeddah.

Arwa amepiga simu. Kaniuliza nimekula, nimelala, dawa ya presha nimemeza. Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Halas, simu imekwisha. Tangu mama yake, Saleha, atangulie mbele ya haki, binti yangu ananiuliza hayo hayo nami namjibu hayo hayo, kisha nyumba inarudia kimya chake. Hapa Al-Safa nikikaa sebuleni nasikia friji ya jikoni inavyonguruma.

Lakini leo kabla hajakata kaponyokwa na habari. Ijumaa mumewe, Marwan, na baba yake Marwan, Bwana Hamad, wanakwenda kuwinda kwa kipanga jangwa la Dahna, nje ya Riyadh. Wana vibali, wana hema, wana kila kitu. Hamad huyo! Anakaa huko Riyadh, ghorofa ya chini ya binti yangu. Mjukuu wetu Nusra anamwita Babu. Mimi ananiita Babu wa Simu.

Nikampigia Marwan papo hapo. Nikamwambia ujanani nilikuwa mwindaji, kule Tabuk, kwenye baridi kali. Akasema basi karibu, Baba. Ukweli ni kwamba Tabuk nimefika mara moja tu, kupeleka samaki wa kampuni. Ila si uwongo mtupu. Baridi ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya lori.

Jumanne, 7 Januari.

Marwan kaniletea ujumbe wa sauti, mrefu kama hotuba ya Ijumaa. Eti alfajiri kule jangwani maji huganda ndooni. Eti nguo inayogusa mwili isiwe ya pamba, maana pamba ikinywa jasho haikauki. Nivae sufu nyembamba. Juu yake kitu cha kutunza joto, na juu kabisa kitu cha kuzuia upepo, cha rangi ya mchanga, kisichopiga kelele. Viatu viwe na nafasi. Na nivue tabaka moja kabla sijatoka jasho, si baada.

Mtoto wa juzi ananifundisha kuvaa. Mimi niliyekuwa karani wa ghala la samaki mpaka nilipostaafu! Mlango wa chumba cha barafu ulikuwa unatazamana na meza yangu. Ndani nilikuwa siingii, lakini nilikuwa naona sura za wanaotoka.

Fulana za pamba ninazo tele, Saleha alikuwa akizinunua kwa paketi. Nitavaa tatu kwa pamoja. Farwa, lile joho zito lenye manyoya ndani, nimelikataa. Hamad analo. Humshindi mtu kwa kuvaa kama yeye.

Nimekwenda Karantina kwenye mitumba, kwa kijana wa Kikenya anayeitwa Brayo. Kanitolea jaketi na suruali yake, nguo za Wazungu za kuchezea kwenye theluji, buluu inayong'aa. "Mzee wangu, ukivaa hii baridi itakuogopa," kasema. "Shida ni moja tu, inapiga kelele kiasi." Kweli, kila hatua inasema chwa, chwa, chwa. Nimeichukua. Kwenye nyumba kama yangu kelele kidogo haina ubaya.

Jumatano, 8 Januari.

Leo mazoezi. Nimefunga madirisha, nimeshusha kiyoyozi mpaka pale kinapokataa kushuka zaidi, nimevaa kila kitu, nimekaa kwenye kochi. Raha tupu. Sikuhisi baridi hata kidogo. Huu ndio ushahidi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Risper, dada wa kazi wa jirani, kaniletea sahani ya wali kutoka kwa madam wake. Kaniona na kofia ya sufu, glovu na suruali ya buluu. Kauliza kwa Kikenya chake kama niko sawa, ama nahama. Nikamweleza mambo ya uwindaji, kipanga, Tabuk. Kacheka mpaka kashika mlango. Kasema kwao Kericho asubuhi ni baridi sana, na huku Jeddah hukumbuka ile baridi kuliko hata chakula cha mama yake. Tukazungumza pale mlangoni. Nilitaka kumwambia nakumbuka baridi pia, ila sina ya kukumbuka. Kisha madam akamwita, akaenda mbio.

Nikazima kiyoyozi. Wali ulikuwa mwingi kwa mtu mmoja.

Alhamisi, 9 Januari. Riyadh.

Mkoba ulikataa kufunga. Nikapata wazo zuri: nguo zote nizivae mwilini. Jeddah leo joto lilikuwa kama la Agosti. Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege nikaamriwa nivue jaketi, halafu sweta, halafu sweta la pili. Foleni nyuma yangu ikaguna. Mtu mmoja akasema yalla, ya hajji, yalla, fanya haraka. Kijana wa ukaguzi akaniuliza kwa upole kama nimebakiwa na nguo yoyote sandukuni.

Nikavaa tena zote. Ndani ya ndege jasho likanitiririka mpaka kwenye soksi. Kufika Riyadh jua linazama, mlango ukafunguka, upepo ukaingia. Fulana tatu za pamba, zote zimelowa, zikanigandama kama matambara ya barafu. Sasa nikaelewa sura za wale wa ghala.

Hamad alikuja uwanjani na Marwan. Kavaa kanzu ya sufu na farwa, basi. Kaniona natetemeka, akataka kunipa fulana ya sufu aliyokuwa nayo garini. Nikakataa. Nikamwambia hii kwetu Tabuk tulikuwa tunaiita kiangazi.

Nusra kanisogelea, kanigusa mkono, akasema kumbe Babu wa Simu ana mikono. Nikaenda msalani nikakaa kidogo.

Jumamosi, 11 Januari. Kambini, Dahna.

Naandika ndani ya gari, hita imewashwa. Nieleze kwa mpango.

Jana baada ya sala tukaja. Leo alfajiri tukatoka, Marwan na rafiki zake mbele, mimi na Hamad nyuma. Fulana zangu zile zile, hazijakauka vizuri. Soksi jozi tatu, viatu vya kubana. Vidole vya miguu niliacha kuvihisi kabla hatujafika mbali. Na jaketi: chwa, chwa, chwa. Kila kipanga alipotaka kutulia mkononi, alinigeukia mimi. Marwan, mtoto mwenye adabu, akajifanya hasikii. Rafiki yake mmoja akaniomba nisipumue kwa nguvu sana.

Hapo nikaona njia ya kuwafunga midomo. Nikalivua jaketi, nikalitupa mchangani, nikasimama na sweta tu, kifua mbele. Upepo wa Dahna ukapita katikati yangu. Nikataka kusema jambo, taya zikagonga. Vijana walikuwa wamekwishatangulia. Aliyerudi ni Hamad.

Kanishika mkono mpaka nyuma ya gari, kanivua fulana zilizolowa moja baada ya moja kama anavyovuliwa mtoto, kanivisha ile ya sufu, kanifunika farwa yake yeye. Mwenyewe akabaki na kanzu. Kanivua viatu, akanisugua miguu kwa viganja vyake. Mtu ninayemchukia!

Nilipoanza kuhisi vidole, akaniuliza, "Haroub, ndugu yangu, niambie kweli. Tabuk uliwinda nini?"

"Nilipeleka samaki," nikasema.

Hakucheka. Akamimina kahawa ya tangawizi, akanishikisha kikombe. Tukakaa tukitazama mchanga. Baadaye akasema, "Mimi huja kila mwaka na hawa vijana. Wanatembea mbio, wananiacha. Safari hii niliposikia unakuja nikafurahi, nimepata mtu wa kubaki naye garini."

Nikamwambia habari za Saleha, jinsi alivyokuwa akiongea na mimea yake jikoni. Hamad akauliza mimea ipi. Tangu afe hakuna aliyepata kuniuliza hilo. Mrehani na asumini, nikasema.

Jumapili, 12 Januari. Riyadh.

Arwa amejua yote. Marwan kasema, au Hamad, au homa yangu yenyewe. Kanipikia uji, kakaa ukingoni mwa kitanda. Nikasubiri nigombezwe.

"Baba," kasema, "kuja hapa hakutaki kipanga. Hakutaki jaketi. Sema tu, nataka kuja. Chumba hiki ni chako."

Nikageukia ukutani. Nikasema nina shughuli Jeddah. Kauliza shughuli gani. Nikasema mrehani unataka maji.

Jumanne, 14 Januari. Jeddah.

Mafua. Nyumba iko pale pale nilipoiacha, kimya vile vile. Mrehani umekufa, asumini bado.

Nimefikiri sana kitandani na nimekata shauri. Arwa kasema kweli. Nitapiga simu na nitasema maneno mawili, nataka kuja, bila la kuongeza. Nimeyasema kwa sauti mbele ya kioo cha bafuni. Yanatamkika. Hayana taabu yoyote.

Alasiri nikapiga. Akapokea Marwan, Arwa alikuwa anamwogesha Nusra. Akanisalimu vizuri, akauliza mafua. Akasema baba yake anauliza habari zangu kila siku. Kisha akataja, hivi hivi tu kwenye mazungumzo, kwamba mwezi ujao wanampeleka Nusra kujifunza kupanda farasi, na wanatafuta mtu mzima wa kumsimamia. Akauliza kama nilikuwa na la kusema.

Nikafungua kinywa. Maneno mawili yalikuwa pale pale kwenye ulimi.

Nikamwambia farasi ndio maisha yangu, nimelelewa juu ya tandiko.

Akasema basi karibu, Baba.

Kesho nakwenda Al-Hamra, nasikia kuna duka la buti ndefu za wapanda farasi. Farasi mwenyewe sijapata kumgusa. Ila kwa mbali anaonekana mnyama mpole.