Wageni Kumi na Moja Kwenye Waifai Yangu

Jumatatu, 8 Julai

Baridi kali. Upepo wa Makambako umenifuata mpaka chumbani. Miaka ishirini tangu nitoke Kondoa na bado nalala na soksi. Fuso yangu iko nje ya geti, giaboksi chini, kipuri kinasubiriwa kutoka Dar. Wiki ya pili sijaenda Manda kuchukua dagaa. Nisiposafiri nakaa nyumbani, na nikikaa nyumbani naona mambo.

Leo nimeona. Binti yangu Salha kalalamika waifai inasuasua. Si jambo dogo. Jumamosi saa nne asubuhi ana usaili wa ufadhili, chuo cha uuguzi huko Uturuki, kwa video. Wameshamwandikia: picha ikikatika wanamwita anayefuata. Mtoto kahangaikia fomu zile tangu Januari mpaka kakonda.

Nikafungua ile programu ya ruta kwenye simu. Vifaa vilivyounganishwa: kumi na sita! Sisi tuna simu tatu, kompyuta ya Salha na televisheni. Vitano. Hao kumi na moja ni akina nani? Mke wangu Bibie kasema labda majini nayo yameanza kununua simu. Ya kucheka hayo?

Jumanne, 9 Julai

Nimempata mtuhumiwa. Jirani yangu Yusto, Mkinga wa Makete, muuza mbao. Kanizidi geti, kanizidi tenki la maji, sasa anataka na waifai yangu! Ushahidi: asubuhi kasimama karibu na ukuta wangu, simu mkononi, anacheka peke yake. Nani anacheka peke yake kwenye baridi hii kama haangalii video za bure?

Mpango: nimebadilisha jina la waifai. Sasa inaitwa YUSTO NAKUONA. Sijamtukana mtu. Jina tu.

Jambo jema moja. Vijana wa bodaboda wamehama njia panda tangu wiki iliyopita, kijiwe chao sasa kiko nyuma ya Fuso yangu. Wanasema inakinga upepo. Vijana wenye adabu! Hawana fujo, wameinamia simu zao kimya kutwa nzima. Mkubwa wao, Methusela, kanisalimia kamwene, salamu ya huku, na kuyasifia maandishi ya mlango wa nyuma: MTANIKUTA MBELE. Nyekundu juu ya njano. Nimeyatunga mwenyewe, nayapenda kuliko maneno yote duniani.

Jumatano, 10 Julai

Aibu. Mke wa Yusto, Beatha, kaja na beseni la viazi. Kwa upole kabisa kamuuliza Bibie kama kuna ugomvi, maana jina la mumewe linaonekana kwenye simu za mtaa mzima, wanakwaya wenzake wameanza kumuuliza. Bibie kanitazama. Sijatazamwa hivyo tangu siku niliyouza cherehani yake bila kumwambia.

Nikasema ni Yusto mwingine, wa Ludewa, tuna mambo yetu. Beatha kasema pole. Akaongeza kwamba wao wana intaneti yao, ya waya, imeletwa kwa nguzo, wala haikatiki. Sijamwamini. Viazi nimekula.

Jina nimeliondoa. Vifaa: kumi na nane. Wanaongezeka!

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda stendi kwa Nasiri, fundi simu. Kanisikiliza, kasema ni kazi ya dakika moja: nibadilishe paswedi. Nikamwambia haelewi. Nikibadilisha, mwizi atajua nimeshtuka. Mimi nataka kumkamata, si kumfukuza. Akaniuliza kwani paswedi yenyewe ni ipi. Nikakataa katakata! Hata mke wangu hajaambiwa. Niliichukua simu yake, nikamgeuzia mgongo, nikaandika mwenyewe.

Nasiri kakuna kichwa. Kasema basi nifungie kifaa kimoja kimoja, nisikilize nani atapiga kelele. Akili hiyo!

Baada ya alasiri nikasimama uani, sikio ukutani kwa Yusto. Nikafungia cha kwanza. Kelele! Lakini za ndani kwangu. Bibie, tamthilia imekatika mama mkwe akiwa ndiyo anafungua bahasha. Nikafungia cha pili. Salha katoka na machozi, alikuwa anafanya mazoezi ya usaili na mwalimu wake. Kauliza kwa nini baba yake anamfanyia hivi. Nimeumia, sisemi uongo.

Nikafungia cha tatu. Kimya. Nikafurahi, nikajua huyu ndiye, anaona haya kulalamika. Kumbe ni simu yangu. Programu imenitoa nje, siwezi kumfungulia mtu yeyote. Nyumba nzima imelala bila kusemeshana.

Ijumaa, 12 Julai

Nasiri kaja, kaianzisha ruta upya. Kanisogezea niweke paswedi mwenyewe, yeye akatazama dirishani kwa heshima. Nimeweka ile ile. Nyingine nitaikumbukaje?

Nikatoka kwenda msikitini. Kurudi, nahesabu: ishirini na moja! Na bando la mwezi limebaki mkiani. Nimekaa chini. Kesho saa nne. Salha hajagusa chakula tangu jana.

Nimefikiri sana. Waifai ni mawimbi. Mawimbi yanapita hewani. Ukiziba hewa? Nimeifunika ruta kwa sufuria kubwa la pilau, juu yake blanketi mbili. Bibie kauliza inaumwa nini. Nimemwahidi Salha kwamba kesho hapiti hata inzi. Kaniambia ahsante baba, kwa sauti ya mtu anayemfariji mgonjwa.

Jumamosi, 13 Julai

Sijui nianzie wapi.

Saa tatu na nusu nimefunua sufuria. Salha kavaa vizuri, mtandio mpya, vyeti mezani. Saa tatu na dakika hamsini ujumbe umeingia kwenye simu yangu: bando limekwisha. Nikapiga kelele. Nikatafuta viatu nikimbilie vocha, nikavaa cha Bibie. Salha kakaa tu, mikono mapajani. Afadhali angenitukana.

Bibie kabeba kompyuta kwapani, kamshika mtoto mkono, wakatoka. Moja kwa moja kwa Yusto! Beatha kafungua mlango kabla hawajabisha.

Nimesimama ukutani kwangu nikiomba dua. Dakika arobaini. Picha haikukatika hata mara moja. Salha katoka anacheka, kanikumbatia, kasema wamemuuliza maswali yote aliyoyasoma. Nimelia kidogo. Ni upepo pia.

Halafu Yusto kaja. Nilitegemea maneno. Wapi! Kanishika bega, kanipeleka nyuma ya Fuso yangu. Vijana walikuwepo tisa, wameinama. Kaniuliza kwa adabu kama paswedi yangu, kwa bahati mbaya tu, haifanani na yale maandishi.

Methusela kanijibia. Kasema walijaribu mara moja tu, ikakubali. Wakajua nimeyaandika pale makusudi, kama mtu anavyoweka mtungi wa maji barazani kwa wapita njia. Wananiombea kila siku, Wakristo kwa Waislamu. Yusto katazama pembeni, mabega yanamtikisika. Hivyo ndivyo alivyokuwa akicheka Jumanne! Aliwaona tangu siku ile, na hakuniambia. Jirani gani huyo?

Jumatatu, 15 Julai

Habari njema! Salha kapita. Kuna awamu ya pili, ya mwisho, Jumamosi hii hii saa nne. Beatha keshasema sebule yao iko wazi. Nimekataa. Mwanangu haendi kufanyia usaili kwa watu wakati baba yake ana waifai. Salha kaniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nina uhakika!

Nimenunua bando jipya. Nimebadilisha paswedi, mwenyewe, mlango nimefunga kwa ufunguo. Hamnipati tena. Herufi ndogo zote, zimeshikana. Sijamwambia Bibie, sijamwambia Nasiri. Wataipatia wapi?

Shaka moja tu: kusahau. Nikiisahau Jumamosi, mtoto kaharibikiwa. Kwenye karatasi siandiki, karatasi huokotwa. Yale maandishi ya zamani lazima yafutwe hata hivyo, yameshanitia aibu. Nimemwita Yosefu, mchoraji wa magari, kaja na brashi zake. Kayafuta, kaandika mapya, HAMNIPATI TENA, makubwa zaidi, bluu juu ya njano. Kipuri cha giaboksi bado hakijafika, kwa hiyo gari lipo pale pale, naliona kutoka dirishani. Siwezi kusahau hata nikitaka.

Rangi haijakauka, vijana wameshajaa kuitazama. Methusela kaniinulia mkono kwa furaha. Wote wametoa simu. Nadhani wanapiga picha.