Aliyefungwa Hubeba Ubao

Feridun aliingia mji wa Antep na suti nzuri, maneno mazuri na mfuko mtupu, vitu vitatu ambavyo tangu dunia iumbwe havijawahi kuachana. Alikuwa amekanyaga tu kizingiti cha mkahawa wa Dursun, pale soko la mafundi shaba, hata kiti hajakipata, ikabidi ampishe mtu aliyekuwa akisindikizwa nje kwa vicheko.

"Nenda kajifunze, Kwapa! Leo lala nao kitanda kimoja!"

"Na ukiota dadu usituamshe!"

"Chai zetu je?"

"Nimelipa," yule mtu akajibu kwa upole. "Jana nililipa, leo nimelipa, na kesho Mungu akinipa uhai nitalipa."

Akapita na ubao wa tavla, ule mchezo wa kete na dadu, kwapani, akashika njia ya kwake.

Ndiyo desturi. Ukifungwa tavla unalipa chai za meza nzima, kisha aliyekufunga anaukunja ubao, anakupachika nao kwapani mbele ya watu, na unakwenda nao nyumbani ukajifunze. Asubuhi unaurudisha. Bwana yule jina lake la kuzaliwa lilikuwa Saim, mjane wa kiume, fundi wa matandiko ya punda katika mji ambao punda wote wamekwisha kunyang'anywa kazi na malori. Alikuwa amefungwa sana, miaka ishirini mfululizo, hata jina la Saim likabaki kwenye kitambulisho tu. Mji mzima ulimwita Kwapa.

Watu walicheka mpaka vigilasi vikatikisika. Feridun hakucheka. Alikuwa anautazama ule ubao: mkubwa kama sanduku la msafiri, umepita mbele ya Dursun, umepita mbele ya polisi aliyekuwa mlangoni na chai yake ya bure, umepita mbele ya wafanyabiashara wasiomwamini hata mama mkwe, na hakuna hata mmoja aliyeutupia jicho. Macho yote yalikuwa usoni kwa aliyefungwa.

"Subhanallah," akajisemea. "Kumbe mtu akibeba aibu, mzigo wake haukaguliwi."

Msimhukumu haraka. Feridun alikuwa na shida ya halali, ila tu dawa yake ndiyo haikuwa halali. Kule Mersin alikuwa na mchumba, Gülizar, mjane mwenye hoteli ndogo nyuma ya soko la samaki. Gülizar alikuwa amemwambia waziwazi: "Maneno nimeshiba. Marehemu mume wangu naye alikuwa na maneno. Wewe niletee bangili tano za dhahabu kabla ya msimu wa cheri kwisha, au usije." Na Feridun, umri ukikaribia hamsini, alikuwa amechoka na maisha ya hoteli ambazo mtu huingia kwa mlango na kutokea dirishani. Alitaka alale mahali ambapo dirisha ni lake.

Wiki mbili baadaye akarudi Antep na ubao wake mwenyewe, wa mti wa mjozi, umenakshiwa lulumizi mpaka unatia watu wivu. Kingo zake zilikuwa nene. Nene kwa sababu ndani zilikuwa tupu, lakini hilo alilijua yeye na fundi wa mji wa mbali aliyelipwa asiulize.

"Wazee wangu," akasema katikati ya mkahawa, "mnajua mimi ni nani?"

"Mtu ambaye hajalipa chai," Dursun akajibu.

"Mimi ni mtafutaji. Duniani kuna watu ishirini na wanne, idadi ya nyumba za ubaoni, wanaoitwa Majabari wa Tavla. Yuko Mreno asiyepepesa macho. Daktari wake amemkataza, yeye kamkataza daktari. Yuko mama mmoja wa Buenos Aires, uchungu wa kuzaa ulimshika katikati ya mchezo. Akawaambia wakunga ngojeni, akamaliza kutoa kete, ndipo akatoa mtoto."

"Wa kike au wa kiume?" mtu akauliza.

"Pacha. Kwani alikuwa ametupa dadu mbili za sare."

Mkahawa ukaguna kwa heshima. Feridun akaendelea. Akawapa mfalme wa zamani wa Konstantinopoli, aliyepata dadu mbaya siku moja mpaka mshairi akaitungia shairi, na mfalme mwenyewe leo hakumbukwi kwa lingine. Akawapa ile mashine yenye akili iliyomfunga bingwa wa dunia kule Monte Carlo, miaka michache tu iliyopita, saba kwa moja.

Hayo mawili ya mwisho, kwa taarifa yenu, ni kweli. Mwongo stadi ni kama fundi wa zege: mchanga ni uongo, lakini bila saruji ya ukweli kidogo ukuta hausimami.

Haji Hulusi, tajiri wa shaba na mchezaji asiyeguswa katika mji ule, akatua tasbihi yake. "Huyo bingwa aliyefungwa na mashine. Alibebeshwa ubao?"

"Hapana, Haji."

"Basi haikuhesabika."

"Na chai alilipa nani?" Kwapa akauliza kutoka pembeni.

Jabari mmoja, Feridun akasema, amefariki. Nafasi iko wazi. Antep imepewa heshima ya kumtoa mrithi. Kila mshindani aweke sarafu kubwa ya dhahabu, ile anayotundikwa bibi harusi shingoni, na mshindi atazoa zote aende nazo Monte Carlo. Neno "zote" lilipotoka, niaminini, vilisikika vifungo vya makoti vikifunguka. Wanaume wale walikwenda makwao na kurudi, na wake zao hadi leo wanadhani sarafu zile zilipelekwa kusafishwa.

Feridun mwenyewe ndiye aliyeanza kuweka. Ilikuwa sarafu ya mama yake, kitu pekee ambacho hajawahi kukiuza wala kukiweka rehani, hata siku aliyokula mikate mikavu ya vituo vya mabasi. Chambo kisicho na nyama hakinasi samaki. Sarafu zikaingia kwenye bati la biskuti, bati likapita chini ya meza kwa nukta moja kutafuta nta, likarudi juu, Haji Hulusi akaligonga muhuri wa pete yake. Lililorudi lilikuwa pacha wake, limejaa nati za baiskeli. Usiku ule dhahabu ikalala ndani ya kingo za ubao, imefungwa pamba isilie.

Mashindano yakaenda siku nne. Feridun akasuluhisha ugomvi, akasifu, akanywa chai za bure, akamsimulia kila mwenye masikio habari za Gülizar na hoteli nyuma ya soko la samaki. Mwisho Haji Hulusi akashinda, kama jua linavyochomoza, bila kumshangaza mtu.

"Imebaki kanuni moja," Feridun akatangaza. "Jabari mpya humfunga kwanza mjumbe, yaani mimi. Bati litafunguliwa baada ya sala ya alasiri."

Mnaona ujanja huo? Kazi yake ilikuwa moja tu: afungwe. Mji wenyewe ungempachika kwapani ubao wenye dhahabu ya mji, ungemsindikiza mlangoni kwa vicheko, na basi la Mersin lingeondoka kabla ya alasiri.

"Kwapa!" Dursun akaita. "Wewe ndiye mzoefu. Lete ubao wa mgeni."

Kwapa akauchukua kabatini, na kwa mazoea akauweka kwapani. Katikati ya mkahawa akasimama. Akauhamishia kwapa la pili. Akaurudisha la kwanza.

"Mti gani huu?" Kwapa akauliza.

"Mjozi," Feridun akajibu.

"Mjozi," Kwapa akarudia, kama mtu aliyekutana na rafiki aliyenenepa. Kisha akamgeukia Haji Hulusi. "Haji, naomba neno. Huyu akifungwa na wewe, huko aendako atasema kafungwa na jabari, na hiyo ni sifa. Lakini akifungwa na mimi, atamwambia nini yule Mreno?"

Mkahawa ukalipuka. "Mpeni Kwapa! Mpeni Kwapa!" Haji Hulusi akacheka hadi machozi, akanyanyuka kumpisha kiti.

Feridun akapima haraka. Aibu ni blanketi, na kufungwa na Kwapa lilikuwa blanketi zito zaidi. Akakubali. Alichosahau ni kwamba kushindana kufungwa na mtu aliyefungwa miaka ishirini ni sawa na kushindana kulia na mfiwa.

Walicheza hadi wa kwanza kufika pointi tano. Feridun akaacha kete zake uchi, moja moja, kama yatima, ili zipigwe na kurudishwa mwanzo. Kwapa akazipita bila kuzigusa, akaziacha zake uchi zaidi.

"Mpige, Kwapa! Mpige huyo!"

"Sikuiona," Kwapa akasema. "Macho yangu."

Feridun akatupa dadu akiomba moja na moja. Zikaja sita mbili. "Dü şeş!" umati ukapiga kelele kwa Kiajemi cha mezani. Akatupa tena, sita mbili. Kwa mara ya kwanza maishani, mtu aliyewahi kutupa dadu zenye risasi ndani alikuwa anacheza kwa uaminifu, na bahati ikamwangukia kama paa la nyumba. Alitaka kuikwepa kete ya Kwapa iliyosimama peke yake, lakini dadu hazikumwachia njia nyingine, na sheria ya tavla ni kwamba ukiweza kucheza lazima ucheze. Akaipiga kama mtu anayepiga sahihi hati ya kifo chake.

"Mjumbe ana mkono!" wazee wakasifu. "Hana huruma huyu!"

"Hivi ndugu," Kwapa akamwuliza taratibu huku akitikisa dadu, "yule mchumba wako wa Mersin, anapenda bangili bapa au za kusokotwa?"

"Za kusokotwa," Feridun akajibu bila kufikiri, jasho likimtoka.

"Kwapa anataka kuoa!" mtu akapiga yowe. "Mahari atalipa kwa ubao!"

Mchezo wa mwisho Kwapa alifungwa bila kutoa hata kete moja, na hiyo huhesabiwa mara mbili. Tano kwa sifuri. Feridun akakaa anautazama ubao wake kama maiti ya jamaa.

"Mbebeshe! Mpachike!"

"Jamani," Feridun akasema, "huu ni ubao wa Majabari. Kwa heshima yake, mimi mwenyewe nita..."

"Heshima gani? Hata mfalme wa Konstantinopoli hapa angebeba!" Haji Hulusi akauchukua, akaukunja pah, akaupachika kwapani kwa Kwapa. "Nenda kajifunze!"

Kwapa akainamisha kichwa. Akapita mbele ya Dursun, mbele ya polisi, mbele ya macho yote. Feridun akaruka kumfuata; mikono kumi ikamrudisha kitini. Mshindi haondoki bila chai. Akanywa ya kwanza ikamchoma. Akaletewa ya pili. Mpaka alasiri ikaadhiniwa, watu wakaswali, wakarudi, na Haji Hulusi akavunja nta.

Nati zikamwagika mezani.

"Mjumbe," Haji akasema, ameshika nati ya baiskeli kwa vidole viwili, "hii ndiyo inayotumika Monte Carlo?"

Feridun alikuwa na uongo kama kumi tayari ulimini. Akatazama ngumi zilizomzunguka, na kwa mara ya pili siku hiyo akawa mkweli. "Dhahabu iko kwenye ubao!"

Walikimbia mpaka kwa Kwapa. Mlango ulikuwa wazi, sakafu imefagiwa, jiko lingali na moto. Ubao hakuna, Kwapa hakuna. Mezani zilikuwapo pesa taslimu, zimepangwa vizuri: chai ya siku ile, ya meza nzima.

Feridun aliosha vigilasi vya Dursun mpaka cheri zikaja, zikauzwa, zikaisha. Siku waliyochoka kumpiga na kumlisha wakamwachia, akapanda nyuma ya lori la vitunguu mpaka Mersin. Alikuwa hana bangili, lakini aliamini bado ana maneno.

Akagonga mlango wa hoteli nyuma ya soko la samaki. Ukafunguliwa na mtu aliyevaa ndara na pajama.

"Karibu, mwalimu," Kwapa akasema. "Nimekungoja. Umekonda."

Nyuma yake Gülizar akatokea na sinia la chai. Sinia halikulia, kilicholia ni mikono yake. Bangili tano, za kusokotwa.

"Mwizi!" Feridun akapaza sauti. "Umewaibia watu mali yao!"

"Mimi? Nimewanywesha chai miaka ishirini, na hakuna hata mmoja kati yao anayekunywa kigilasi kimoja. Nikipiga hesabu vizuri, baadhi yao bado nawadai." Akatoa mfukoni sarafu moja kubwa, akaiweka juu ya meza. "Mwenye hii tu ndiye hakuninywea chai miaka yote hiyo. Ya kwako. Keti. Ukinifunga, ichukue."

Feridun aliijua sarafu ya mama yake hata gizani. Akaketi mbele ya ubao wake wa zamani, ule wa mjozi. Akakunja mikono ya shati. Safari hii alitaka kushinda kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na aliyekuwa mbele yake ni mchezaji mbovu kuliko wote Antep.

Alifungwa tano kwa sifuri, na chai ilikuwa haijapoa.

"Lakini wewe," akasema, "wewe hujui kucheza!"

"Walikuwa wananiambia kila jioni nenda kajifunze," Kwapa akasema. "Nikajifunza. Ila mjane hana wa kuongea naye, ndugu yangu, na anayefunga watu haalikwi mezani. Anayefungwa huvutiwa kiti."

Akaizoa sarafu mezani, akaingia na ubao chumba cha pili kwa dakika moja, akarudi nao umekunjwa, akampachika kwapani. "Nenda kajifunze. Chai amelipa mke wangu."

Feridun akashuka na ubao kuelekea stendi, akipita mbele za watu, na hakuna aliyeutazama mzigo wake. Wote walitazama uso. Ubao ulikuwa umelalia kidogo upande wa kushoto, uzito wa sarafu moja iliyofungwa pamba. Kwapa lenye elimu lingelijua hilo kabla ya kufika kona. La Feridun lilikuwa ndiyo kwanza linaanza darasa la kwanza. Kwa muuza vikorokoro wa kwanza aliyemkuta akautupa mezani, akachukua nauli ya basi bila kubishana bei, na njia nzima akajisifu kwamba walau yeye amempunja yule mpumbavu wa vikorokoro.