Mashine Isiyotumia Wino

Jumanne, 9 Julai

Mjukuu ana siku moja! Wa kiume, kilo tatu na nusu. Yasmin mwanangu hajambo, yupo chumba cha nyuma anakunywa uji wa pilipili manga na kulalamika unawasha. Nimelia kidogo, nimepika, nimelia tena.

Furaha ilidumu mpaka saa nne. Nikamtumia picha ya mtoto Bi Mosi, bibi mwenzangu, mama wa mkwe wangu Twalibu. Akapiga simu kutoka Gairo. Alhamdulillahi, akasema, huyu Abasi mtupu! Abasi ndiye mumewe. Nikaelewa hapohapo. Jumapili mtoto anapewa jina, na Gairo wameshajipangia.

Thubutu! Mtoto ni Mansuri, jina la marehemu baba yangu. Masikio yale ni ya Baba, yamechomoza vilevile kama mikono ya chungu. Baba hakuacha nyumba wala shamba. Asipobeba jina huyu, nikifa mimi nani atamtaja?

Stambuli mume wangu anasema nimpigie tu Bi Mosi nimwombe. Nimwombe! Mimi nina akili zaidi. Nitajaza picha ukutani sebuleni: Baba, mtoto, Baba, mtoto. Wageni waamue kwa macho yao.

Jumatano, 10 Julai

Nikachapishe picha kwa Cecilia wa stesheneri? Hapana. Pasipoti aliyonipiga nimetoka kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Tena kila picha anaibandika dirishani, mtaa mzima wa Bigwa utajua mpango. Nanunua mashine yangu. Ya nyumbani. Kwa siri.

Nikapita kwake kijanja, nikamwambia kuna jirani anataka mashine ya picha, anunue ipi? Akasema jirani achukue ile ya kujaza wino wa chupa, na karatasi nene za kung'aa. Bei imechangamka lakini itadumu mpaka imzike. Asidanganyike na vile vidude vidogo. Nikamwelewa: wivu wa biashara!

Mjini, karibu na stendi, nikakipata kidude. Kidogo kama kipande cha sabuni, kinachapa kutoka kwenye simu, na HAKITUMII WINO. Nilimuuliza muuzaji mara tatu, wino ukiisha nafanyaje? Akasema mama, hauwezi kuisha, haupo. Mtu anayejibu hivyo ni mkweli. Nimetoa hela ya kitenge kipya. Jumapili nitavaa cha zamani.

Alhamisi, 11 Julai

Kinachapa! Nyeusi na nyeupe tu, kwenye karatasi ya upana wa risiti. Stambuli kaishika picha ya mjukuu wake, akauliza jumla ni shilingi ngapi. Nyeusi na nyeupe ndiyo bora. Picha yenyewe ya Baba ni ya zamani, niliyoipiga tena kwa simu kutoka kwa shangazi, haina rangi. Rangi ingewatenganisha.

Ila masikio hayaingii! Karatasi ni nyembamba. Pua ipo, macho yapo, masikio yamekatwa, na kesi yangu yote ni masikio. Nimehangaika mpaka adhuhuri. Yasmin, huku ananyonyesha, akanionyesha namna ya kuilaza picha ubavu. Yakaingia! Baba watatu, wajukuu watatu. Zile zisizo na masikio Stambuli kawashia mkaa.

Yasmin akaanza: mama, kuhusu hilo jina... Nikamwambia mzazi hatakiwi kujichosha, alale.

Ijumaa, 12 Julai

Wasiwasi. Jumapili kuna pilau. Vidole vya mafuta vitazishika picha, nazo ni laini kama ganda la kitunguu. Lazima zilaminishwe, zivikwe plastiki. Na mwenye mashine ya kulaminisha Bigwa ni mmoja tu.

Nikaenda, picha nimezificha ndani ya khanga. Cecilia akauliza hii karatasi gani. Nikasema ya picha, imetoka nje. Akauliza nina hakika, maana mashine yake ni ya moto. Nikamwambia afanye kazi yake.

Baba wa kwanza akaingia. Akatoka mweusi tii, kama chini ya sufuria. Nikasema hiyo bahati mbaya, pitisha nyingine. Nyeusi. Nikasema mashine bado haijazizoea. Tulipofika ya sita Cecilia alikuwa amekaa chini anafuta machozi kwa kucheka. Mama Yasmin wewe, karatasi hii inaandikwa kwa joto, ndiyo maana haina wino!

Angesema mapema. Nimemwambia hivyo. Na karatasi imekwisha.

Jumapili, 14 Julai

Nilizibandika hivyohivyo. Nikawa nawazungusha wageni: huyu Baba, huyu mjukuu, tazameni masikio. Wageni wakaitikia kwa adabu.

Bi Mosi akafika. Akazikagua zile picha nyeusi moja moja. Akaniuliza, bibi mwenzangu, nani kafa? Hapo nikashindwa. Nikamwaga yote huku nalia: jina, Baba, masikio.

Bi Mosi akashika kiuno. Mwenzangu, Abasi si yupo tayari mwishoni mwa jina? Mtoto aitwe Abasi Twalibu Abasi, kama mwangwi wa mlimani? Yeye alisema amefanana tu! Jina la Mansuri walishakubaliana na Yasmin tangu Jumanne. Yasmin akasema tangu Alhamisi anajaribu kuniambia.

Shehe akamtaja: Mansuri Twalibu Abasi. Nimelia mpaka kitenge kimelowa. Baba anatajwa.

Jumatatu, 15 Julai

Nimetulia, nimefikiri. Bi Mosi hakukubali burebure. Habari za mashine zilifika Gairo, akaogopa ushahidi. Mpango umefanya kazi! Nilipomweleza Stambuli, alichukua jembe akaenda shambani.

Mtoto wa pili akiwa wa kike atachukua jina la mama yangu. Safari hii naanza mapema. Kuna jamaa mjini anauza mashine ya kuchapa sura kwenye vikombe. Mgeni anakunywa chai huku anamtazama marehemu. Nimemuuliza kama ina usumbufu. Kasema hakuna kabisa, inatumia moto tu.