Mbinga Juu, Mbamba Bay Chini

Jumamosi, 5 Julai

Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Soksi mbili kila mguu.

Eliza amepiga simu kutoka Mbamba Bay. Kabla ndoa yetu haijatangazwa kanisani anataka jibu moja: tukishaoana, tutakaa wapi? Nikasema Mbinga, bila shaka. Duka langu la kudurufu karatasi na kupiga picha za pasipoti liko Mbinga. Ukoo wangu wote uko Mbinga. Akasema cherehani yake iko Mbamba Bay, na mama yake pia, na ziwa pia. Nikasema ziwa si ndugu. Nikadhani mtandao umekatika. Haukukatika.

Kisha kaka yake, Erasmo, akamnyang'anya simu. Huyu ni mvuvi. Kifua kama mlango wa kanisa, maneno mengi kuliko samaki. Akaniuliza kama ni kweli kwamba Mbinga mwezi wa saba watu huoga kwa zamu, leo uso, kesho miguu. Nikamjibu kwamba sisi angalau hatulali ndani ya chandarua kama perege walionaswa. Akacheka sana. Sikutaka acheke.

Tumekubaliana hivi. Eliza na mama yake, Mama Marselina, watakuja Jumatano, wafikie kwa Baba mkubwa Nicholaus, wayaone maisha ya Mbinga kwa macho yao. Mama akiyapenda, tutakaa Mbinga. Akiyakataa, nahamia ziwani, nyumba ya uani kwa Erasmo. Kwa Erasmo! Kila asubuhi ya maisha yangu, Erasmo!

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nitaipima miji hii miwili kisayansi: hewa, chakula, usingizi, heshima. Bila upendeleo. Alama zote za hewa nimeshaipa Mbinga, kuokoa muda.

Jumapili, 6 Julai

Misa ya kwanza. Nimeomba jua. Padri amehubiri juu ya watu wanaojiona werevu. Nikageuka kuona anamsema nani.

Baada ya misa, kwa Baba mkubwa. Ndiye mshenga wangu. Bila yeye hakuna wa kwenda kumalizia maneno ya mahari. Lakini mwezi huu humwambii kitu nje ya kahawa. Mwonjaji wa chama cha ushirika anakuja Jumamosi, na Baba mkubwa anataka daraja la kwanza, ambalo jirani yake Tadea alilipata mwaka jana na hajaacha kulitaja. Kahawa imeshakobolewa na kuoshwa, sasa iko juu ya vichanja, zile meza ndefu za wavu, inakauka. Amenionyesha kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga. Sigara marufuku. Marashi marufuku. Amesema kahawa ikiwa mbichi inanyonya harufu yoyote iliyo karibu nayo. Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nawaza mambo ya samaki.

Maana hapo ndipo Mbinga inapovuja. Mama Marselina hali bila samaki. Hapa samaki anafika akiwa na uso wa mtu aliyesafiri. Ndipo nikapata wazo. Nitaagiza usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kwa siri. Mama akiketi mezani atakuta usipa, na mimi nitasema kwa sauti ya kawaida kwamba hapa tunakula hivi siku zote.

Wazo zuri mno. Nimejipongeza kwa maandazi.

Jumanne, 8 Julai

Usipa wamefika! Asteria, muuza samaki wa sokoni, ameniletea mfuko mzima. Lakini ni wabichi nusu. Anasema wamepigwa na ukungu njiani, niwaanike. Nikamuuliza niwaanike wapi Mbinga mwezi wa saba. Akasema hilo ni la mwenye mji bora.

Nimezunguka mji mzima kwa macho. Dukani haiwezekani: picha za pasipoti zitanuka. Nyumbani mwenye nyumba ana paka. Mahali pamoja tu pana meza za wavu, zimeinuliwa, zinatazama jua, zina uzio.

Baba mkubwa amekwenda Kitura kwenye msiba, harudi mpaka keshokutwa. Mama mkubwa Gertruda alikuwa bondeni, anafua kutwa nzima. Nikaingia. Kahawa imejaa vichanja vyote, hakuna hata pa kuweka kofia. Nikaisogeza upande, kwa heshima. Nikawapanga usipa mwishoni. Wakapendeza! Kahawa inataka jua, usipa wanataka jua. Hakuna ugomvi wowote.

Mchana ukungu ukashuka. Baba mkubwa huagiza kwamba ukungu ukishuka kahawa ifunikwe. Mimi ni mtiifu. Nikafunika vyote pamoja kwa turubai moja, nikabana pembeni kwa mawe ili hewa isitoke.

Jioni nikawatoa usipa wangu, nikairudisha kahawa mahali pake, nikaisawazisha kwa mkono. Hakuna atakayejua chochote.

Jumatano, 9 Julai

Wageni wamefika. Eliza mzuri kuliko simu inavyomwonyesha. Mama Marselina alishuka garini akiwa na vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, na taulo kichwani. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba huku meno yakigongana. Akauliza kama huku jua hulipiwa. Nikampa koti langu. Heshima: alama kwa Mbinga. Mimi nikabaki natetemeka kwa tabasamu.

Chakula. Usipa wamekaangwa kwa nyanya. Nikasema sentensi yangu kwa sauti ya kawaida. Mama Marselina akaonja. Akatulia. Akaonja tena. Akasema, "Mwanangu, nimekula usipa tangu sijaota meno. Hawa wana harufu ya kahawa iliyochachuka."

Nikasema ndiyo ladha ya Mbinga. Akasema kumbe. Akala wote!

Ushindi. Nimerudi nyumbani nikiimba. Usipa wenye harufu ya kahawa! Labda ni biashara mpya. Sifikiri zaidi ya hapo, nina usingizi.

Ijumaa, 11 Julai

Mambo yananyooka kuliko nilivyopanga. Mama Marselina amempenda Mama mkubwa Gertruda kama ndugu aliyepotea. Wanakaa jikoni kwenye moto, wanakula ugali na maharage, wanasema watu. Ameniambia kwamba hajasikia mbu hata mmoja, na kwamba blanketi ni kitu kitamu sana, kwa nini hawakuambiwa mapema kule chini. Usingizi: Mbinga.

Eliza ametembea mjini na kuangalia watu wamevaa nini. Anasema huku kila mtu amevaa nguo tatu, na kwa fundi cherehani hiyo ni habari njema. Amelipima duka langu kwa hatua zake, kimyakimya. Nikajifanya sioni.

Nikampigia Erasmo kumpa matokeo. Akasema tumemroga mama yake kwa maharage. Nilikata simu nikiwa na furaha isiyo ya Kikristo.

Doa dogo. Baba mkubwa amerudi kutoka msibani. Nimemkuta ameinama kwenye kichanja, ameshika kahawa mkononi, ananusa. Akanusa tena. Akamwita Mama mkubwa anuse. Wakatazamana. Akaja kunusa kichanja cha pili. Akatazama juu mbinguni, kama mtu anayemtafuta aliyemtupia kitu.

Nikakumbuka nina kazi ya kudurufu mjini.

Jumamosi, 12 Julai

Siku mbaya. Naandika nikiwa nimesimama, maana nimefungasha hata kiti.

Mwonjaji alichukua kahawa ya Baba mkubwa, akaikaanga kidogo, akaisaga, akamimina maji ya moto. Akaivuta kwa kijiko kwa ile sauti yao. Akatema. Akasukutua. Akauliza kwa adabu kama mzee huwa anahifadhi kahawa yake ndani ya mtumbwi. Watu wote wa ushirika wakaangua kicheko. Tadea alicheka mpaka akashika ukuta. Baba mkubwa hakupewa daraja la kwanza. Hakupewa la pili. Aliambiwa aipeleke nyumbani akanywe na ndugu.

Akarudi nayo, na ndugu ndio sisi. Akatuketisha wote. Akauliza, polepole sana, nani amepitisha samaki kwenye kahawa yake.

Hapo nilikuwa na nafasi. Ningesema ukweli. Badala yake kinywa changu kikasema kwamba huenda ni upepo wa ziwani, siku hizi kuna barabara ya lami, harufu inapanda kwa urahisi. Baba mkubwa akanitazama. Kinywa kikaendelea. Kikasema, au labda mizigo ya wageni.

Mizigo ya wageni! Nilisema hivyo mbele ya mama mkwe! Kuna watu wanaotafuta shimo la kuingia. Mimi hulichimba mwenyewe, tena kwa bidii.

Mama Marselina akavua taulo kichwani. Akasimama. Akasema yeye alikuja na unga wa muhogo, kitabu cha sala na vitenge vyake, na kwamba kwao mtu hafiki ugenini na harufu. Kisha akasema samaki pekee aliowaona nyumba hii ni wale aliopewa na mimi, Dunstan, Jumatano. "Nao," akasema, "walinuka kahawa."

Kisha kila kichwa kikageuka. Hata kuku mmoja aliyekuwa mlangoni.

Nilikiri. Baba mkubwa hakupiga kelele, ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba alipalilia mikahawa ile mvua na jua, na kwamba hatakwenda popote kumsemea mtu ambaye hawezi kutofautisha kahawa na mboga. Ndiyo kusema sina mshenga. Bila mshenga sina mahari, bila mahari sina Eliza.

Nilimfuata Eliza nje. Nikamwambia yote haya niliyafanya ili aone Mbinga ni mji bora. Akasema yeye hakuwahi kuuliza mji upi ni bora. Aliuliza nitakaa naye wapi.

Aliyeniokoa ni Mama Marselina. Amezungumza na Baba mkubwa jikoni. Uamuzi huu hapa: yeye na Eliza wanabaki Mbinga mpaka kahawa iliyobaki shambani ivunwe na ikauke. Eliza ataweka cherehani dukani kwangu. Mimi naenda Mbamba Bay kwa Erasmo kuanika usipa, nijue mahali pake. Kahawa ikiisha salama, na mimi nikikaa kule bila kubuni jambo lolote, Baba mkubwa atakuwa mshenga tena. Lolote, amesema. Hata dogo.

Kwa hiyo Mbinga imeshinda. Wote wanahamia Mbinga, isipokuwa mimi.

Jumanne, 15 Julai

Mbamba Bay. Joto. Nimevua soksi zote nne.

Erasmo alinipokea kwa kuninusa. Sasa pwani nzima inaniita Daraja la Kwanza. Daraja la Kwanza, sogeza ndoo. Daraja la Kwanza, fukuza kunguru. Kina mama wanaogeuza usipa kwenye vichanja wanacheka hata kabla sijafanya kitu, kisha nafanya kitu. Leo nilioga ziwani. Wimbi likachukua sabuni, likarudi, likachukua kandambili.

Lakini lazima nikiri, kwa ajili ya sayansi. Jua! Jua la hapa ni jua kweli. Shati nimelifua, nikageuka kumjibu Erasmo, likawa limekauka. Jioni maji ni ya uvuguvugu na milima ya ng'ambo inageuka zambarau. Nimekula mbasa, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma. Nikaomba wa pili. Chakula: Mbamba Bay.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemwambia Eliza kwenye simu kwamba nimekosea hesabu, Mbamba Bay ndio mji wa kuishi, arudi. Akasema hawezi, ameshapata oda ya sare za kwaya na mama yake amenunua sweta. Akaniuliza kama nabuni kitu. Nikasema hapana. Wakati huo ilikuwa kweli.

Akasema Baba mkubwa ana huzuni: kule ukungu hauondoki, kahawa ya mwisho haikauki, anaogopa itaota ukungu wa kijani. Anaigeuza kutwa nzima kwa mikono yake. Nimeumia. Ni mimi niliyemharibia ile ya kwanza.

Kisha nikatazama vichanja vya Erasmo. Virefu. Vya wavu. Vimeinuliwa. Na juu yake lile jua.

Jumapili, 20 Julai

Naandika haraka, Erasmo atatoka misa ya pili sasa hivi.

Nimelifikiria kwa utaratibu, pande zote. Safari ile kosa langu lilikuwa kupeleka samaki kwenye kahawa. Safari hii naleta kahawa kwenye samaki. Ni jambo tofauti kabisa. Tena si kubuni. Kubuni ni kuanzisha kitu kipya. Vichanja vipo, jua lipo, kahawa ipo. Itakauka upesi, itarudi Mbinga kabla hawajaikumbuka, Baba mkubwa atalia kwa furaha, Tadea atalia pia.

Nilimtuma Clemence, dereva wa Noah ya abiria, akapita kwa Baba mkubwa wakati wote wako misa ya kwanza. Gunia limefika salama. Kahawa safi, imeoshwa, bado mbichi kwa unyevu. Alilifunga nyuma pamoja na mapipa matupu ya samaki.

Nimeimwaga kichanjani. Anga jeupe, hakuna hata wingu. Usipa wa Erasmo walikuwa wamejaa mpaka mwisho, lakini nimewasogeza upande, kwa heshima.