Maonyesho ya Vitu vya Thamani, Nyuma, Jirani na Choo

Jumatatu, tarehe 4

Chumba cha mbele kimebaki wazi. Fundi cherehani kahamia kwa binti yake. Kinatazama barabara, kina dirisha, kina baraza ya wateja kukalia. Mimi nashona viatu huku nyuma, jirani na choo. Wanaokuja mbio mlangoni kwangu, nimegundua, wengi wao si wateja.

Mama mwenye nyumba katutangazia: chumba atampa anayejua kuvuta watu, na Jumamosi atapita kuona ni nani. Tunaokitaka ni mimi na Kinyozi. Kinyozi ana redio. Mimi nina akili. Mke wangu aliposikia alisema basi tumpongeze Kinyozi mapema, kabla ya msongamano.

Jumanne, tarehe 5

Akili imefanya kazi. Mtu hapendi kutazama vitu vya wenzake, anapenda vyake vitazamwe. Nafungua maonyesho. Kila mmoja alete kitu anachokithamini kuliko vyote, kikae rafuni kwangu, ndugu na jamaa waje kukiona. Nimetangaza pale bombani, watu wakichota maji. Hakuna gazeti linalokwenda kasi vile.

Kinyozi alicheka mpaka akamkwaruza mteja sikio. Mteja kaja kwangu kuomba plasta. Huyo ni mgeni wangu wa kwanza.

Jumatano, tarehe 6

Vitu vinamiminika. Shemeji, kaka wa mke wangu, kaleta ufunguo ambao kufuli lake lilipotea zamani. Muuza mkaa kaleta soksi, moja. Mwalimu mstaafu kaleta kikombe chenye ufa. Dada wa duka la vitambaa kaleta kiatu cha mtoto chenye tundu kwenye kidole gumba. Mtoto mwenyewe sasa ana ndevu.

Vibandiko nimeandika kwa mkono wangu:

"Ufunguo: jibu linalozunguka mjini likitafuta swali."

"Soksi: pacha aliyetangulia. Mwenzake yuko njiani."

"Kikombe: nusu anakunywa bwana, nusu inakunywa meza."

Mwalimu kaniongezea mkato mahali, lakini alipogeuka nilimwona mgongo ukitikisika kwa kicheko.

Jioni Mama mwenye nyumba kaja mwenyewe, kabeba kiti cha marehemu mumewe. Ukikikalia tu kinalia: kiiii-kwa. Alikaa, kikalia, akakipapasa mkono, akaenda zake. Kibandiko: "Kiti: mzee wa maneno mawili, yote malalamiko."

Chumba ni changu.

Alhamisi, tarehe 7

Nimeshinda na vitu hivi, na vinanitia aibu. Fundi mzima, rafu imejaa vibovu! Ni sawa na daktari kuwaanika wagonjwa dirishani. Nikafunga mlango, nikaingia kazini.

Tundu la kiatu nimeziba kwa ngozi mpya, mshono hauonekani. Ufa wa kikombe: gundi, msasa, rangi. Soksi nimeifumia mwenzake. Ufunguo nimeutoa kutu, nikautafutia kufuli linaloukubali. Kiti nimekikaza viungo vyote, nikakitia mafuta. Nilikikalia kwa kujirusha. Kimya. Kiti kimeheshimika.

Mke wangu kauliza kama wenyewe wamenituma. Nikamwambia mgonjwa haulizwi kama anataka kupona. Kasema haya, baba, maji umeyavulia nguo, ila sabuni usiniombe.

Jumamosi, tarehe 9

Watu walijaa. Hilo lisisahaulike. Foleni ilifika mlangoni kwa Kinyozi, naye akazima redio apate kusikia.

Dada wa vitambaa kashika kiatu, kaingiza kidole penye tundu, kidole hakikupita. Kumbe mwanawe alianza kutembea akiburuza mguu ule. Tundu lile ndilo lilikuwa hatua zake za kwanza. Mwalimu kaniuliza kikombe chake kiko wapi, nacho kakishika mkononi. Shemeji kasema zamani kila mgeni alimuuliza ule ufunguo ni wa nini, na yeye kila mara alikuwa na uongo mpya. Sasa amebaki na kufuli tu. Aliyefurahi ni muuza mkaa. Kavaa soksi zote mbili, kaondoka nazo.

Kisha akaja Mama. Akakaa. Kiti kimya. Akainuka, akakaa tena, kwa uzito. Ua mzima ukanyamaza, watu wanasikiliza kiti.

Akaniambia taratibu, mwanangu, mume wangu alikuwa akirudi kazini mimi niko jikoni, nikikisikia hiki najua amefika. Hata sasa nikikikalia namsikia. Wewe umemziba mdomo.

Nikajitolea kulegeza viungo. Akasema niache, nisije nikamtia kigugumizi.

Kinyozi akamshika mkono, akampeleka kwenye kiti chake cha kunyolea apumzike. Kiti kile hakijaonja mafuta tangu kinunuliwe. Alipokaa kikalia: kwiii. Mama akatabasamu, machozi yangali shavuni. Chumba cha mbele kikaenda hapo hapo.

Kuna watu uvivu wao una nyota.

Jumapili, tarehe 10

Kinyozi anahamia mbele. Kaniambia pole fundi, kwa upole unaouma kuliko matusi.

Mke wangu kaniagiza niende kwa Mama nikaombe radhi, mikono mitupu. Neno mitupu kalirudia, kisha kanipekua mifuko.

Nimekwenda. Mama hayupo, yuko kwa dada yake mpaka jioni. Nikabaki nautazama mlango wake. Umelala upande. Lazima usukumwe kwa bega, na ukifunguka unakwaruza sakafu. Kwenye mbao bega limeacha madoa mawili yaliyochakaa: moja la kimo chake, jingine juu zaidi, la mtu mrefu. Mjane wa watu kuishi na mlango kama huo!

Radhi ya mdomo ni rahisi, kila mtu anayo. Seremala wa jirani kaniazima randa na msasa. Mlango nimeunyoosha, bawaba nimezitia mafuta, madoa yote mawili nimeyasugua mpaka yametoka. Sasa unafunguka kama pazia.

Nimekaa hapa kizingitini namsubiri. Nataka nione uso wake.