Jua Likizama, Tarehe Imeingia

Jumamosi, 21 Juni 2025

Mwamina, koma! Mtoto kazaliwa juzi, kitovu hakijadondoka, wewe tayari unamtangaza sokoni Nachingwea kuwa ni Mwamina mdogo. Nani kakutuma? Zuhra wako kamzaa, sawa, ahsante yake. Lakini baba yake ni Saadi wangu. Mtoto ataitwa Tunu, kama mimi. Basi.

Saadi kachoka na ugomvi wetu. Kasema kati ya bibi wawili, atakayetangulia kujibu sawasawa swali la redio ndiye atakayetoa jina siku ya akika. Lile swali la kila jioni baada ya magharibi: tarehe kama ya leo lilitokea nini? Mwamina kacheka mpaka kashika ukuta. Ana darasa la saba. Mimi nina kisomo cha watu wazima, na hicho nacho nilikikatisha korosho zilipoanza kudondoka.

Jioni nikapiga. Nikamwambia Imrani, yule kijana wa redio, kwamba tarehe kama ya leo fisi alikula mbuzi wangu mwenye mimba. Akasema bibi, tunataka jambo la kihistoria. Nikamuuliza, kuna mbuzi gani mwingine aliyeliliwa na kijiji kizima cha Chinongwe? Akakata simu! Malezi gani hayo?

Mwamina naye kakosa. Nimelala vizuri.

Jumapili, 22 Juni

Nimepata akili. Swali lazima Imrani alijue kabla. Nikakamata jogoo, yule mwekundu, nikapanda bodaboda mpaka Nachingwea. Vumbi mpaka kwenye meno. Jogoo kamdonoa dereva kisogoni, dereva kanigombeza mimi. Nikamwambia atazame mbele.

Nafika mlango wa redio, nani anatoka? Mwamina! Na ndoo ya ufuta kichwani. Eti kapita kusalimia. Nikasema hata mimi nimekuja kusalimia. Akamtazama jogoo. Nikautazama ufuta. Imrani akatoka, akatuambia mama zangu, rudini na mizigo yenu, swali haliuzwi. Mwamina akaona aibu. Mimi sikuona. Jogoo ni wangu, natembea naye ninapotaka.

Jumatatu, 23 Juni

Ushindi!

Mwamina kaleta ukorofi mpya. Anataka akika iwe Jumatano, eti kadi ya kliniki inasema mtoto kazaliwa Alhamisi. Kadi! Kadi ilikuwepo? Mimi nilikuwepo. Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha, nje giza, ndipo mtoto akalia. Jua likizama siku imekwisha. Ule ulikuwa usiku wa Ijumaa, basi mtoto ni wa Ijumaa na akika ni Alhamisi.

Tukaenda kwa Shehe Mudrik. Kasema bibi Tunu ana haki, usiku hutangulia mchana wake. Mwamina kanuna kama kameza shubiri. Nikamwambia pole, bibi mwenzangu, darasa la saba hawakufundisha hilo?

Jioni swali lilihusu Olimpiki. Watu wa kukimbiakimbia! Kapata mwalimu mmoja wa Narung'ombe. Haidhuru. Siku bado ninazo.

Jumanne, 24 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Mchana nimemkuta jirani yangu Josephina anatwanga, mumewe Jonasi anachuna mbuzi. Baba zao walitoka Msumbiji. Nikauliza kuna msiba? Wakasema kesho ni tarehe ishirini na tano, Msumbiji inatimiza miaka hamsini ya uhuru. Swali ndilo hilo! Nikaondoka hata mboga sikuomba.

Magharibi ikaingia. Ngoma kwa Jonasi ikaanza. Jua limezama, tarehe imeingia, Shehe mwenyewe kasema. Nikapiga nikaipata laini. Nikapaza sauti: UHURU WA MSUMBIJI, ELFU MOJA MIA TISA SABINI NA TANO!

Imrani akasema bibi, leo bado ni Jumanne. Hilo lilikuwa swali la kesho.

Nikamfundisha habari ya jua. Akasema redio inafuata saa sita ya usiku. Saa sita ya usiku nani yuko macho aione tarehe ikibadilika? Wachawi!

Saadi kashika kichwa. Kasema mama, umempa bibi mwenzio jibu, na wilaya mbili zimesikia. Mwamina akapiga simu hapo hapo, akanishukuru. Akanishukuru! Chakula kimenishinda.

Jumatano, 25 Juni

Allahu Akbar!

Magharibi ilipopita nilikuwa nahangaika kutafuta jambo la tarehe ya Alhamisi, maana kwangu Alhamisi ilishaingia. Laini haishikiki. Nasikia Mwamina redioni, sauti laini kama bi harusi: uhuru wa Msumbiji. Imrani akasema sahihi. Nikakaa chini kwenye mchanga.

Halafu simu zikaanza. Jonasi kapiga, kasema jibu hilo ni la bibi wa Chinongwe, jana kalisikia kwa masikio yake. Dereva wa bodaboda kapiga, kasema yule bibi wa jogoo? Mpeni haki yake, ni mkorofi lakini kalisema yeye. Hata yule mwalimu wa Narung'ombe kapiga, kasema mwanafunzi wake angefanya hivyo angemwita mwizi wa jibu. Imrani kacheka mpaka kakohoa. Kasema kwa sauti ya wananchi, mshindi ni bibi Tunu, aliyejibu kabla hajaulizwa.

Kabla hajaulizwa! Nani mwingine kaweza hivyo? Nimemtumia Mwamina salamu.

Alhamisi, 26 Juni

Akika imekwenda vizuri. Mbuzi kanona, pilau limetosha. Shehe kasema jina mbele ya watu: Tunu binti Saadi. Nikapiga vigelegele mpaka mtoto kashtuka. Mwamina kala sahani mbili huku kanuna, kisha kambeba mtoto akamnong'oneza kitu. Nimemwona! Kama kamnong'oneza jina lake, limeingia sikio hili limetokea lile.

Saadi kaniomba mama, mambo ya redio sasa basi. Kasema natumaini umejifunza. Nimejifunza, mwanangu: wao wako nyuma, mimi niko mbele.

Sasa hivi jua limezama. Ni Ijumaa. Na Ijumaa alizaliwa nani? Tunu! Likiwa hilo si jambo la kihistoria, basi historia hakuna. Saadi, lete simu. Zuhra, mnyamazishe mtoto, bibi yake anaongea na redio.